Tarehe Ishirini na Tano

Kadi ya mlango niliirudisha Ijumaa, saa kumi na moja jioni.
Musyimi wa ulinzi akaipokea kwa mikono miwili
kama apokeaye mchango wa matanga.
"Umefukuzwa, dada, ama umepata pazuri zaidi?"
Nikasema la, na la.
Akangoja jibu la tatu. Sikuwa nalo.

Miaka tisa, ghorofa ya kumi na mbili, Upper Hill,
nikiandika programu za kuwakumbusha watu
bima ya gari inakwisha lini.
Nilikuwa na kiti kinachozunguka,
chai ya saa nne, maziwa yameshinda majani,
na mshahara usiopotea njia:
kila tarehe ishirini na tano, kabla hakujapambazuka,
simu ilitetemeka chini ya mto
nikalala tena, nikiwa mtu.

Mama alinipigia kutoka Mwala.
"Mwongeli, kazi huachwa na aliyepata nyingine."
"Nimepata, Mama."
"Ya nani?"
Laini ikanyamaza. Sijui ni mtandao au ni mimi.

Akiba ni ya miezi saba;
minne, Mutheu akirudi shule.
Bandu bandu huisha gogo, nami
kila Jumatatu nalipima gogo langu kwa macho
nikijidanganya kuwa bado ni mti.

Ofisi sasa ni meza ya kulia chakula, Donholm,
mguu mmoja umewekewa kadibodi.
Stima ikipotea naandika kwa uhai wa betri,
asilimia kumi na nne, kumi na moja, tisa,
mbio mbio, kama mgonjwa na wosia wake.

Mteja wa kwanza ni Bi. Kerubo, wa nafaka, Nyamakima.
Alinitazama juu ya miwani:
"Hizo programu za wenzako zinajua kilo tu.
Hapa tunapima kwa gorogoro.
Gorogoro, nusu gorogoro,
na konzi moja ya nyongeza kwa mteja wa zamani."
Wiki mbili niliwaza juu ya hiyo konzi.
Konzi ya mkono wa nani?
Ya asubuhi, au ya jioni vidole vikishachoka?
Huko Upper Hill tungeiita kikao, tungeiwekea kamati.
Mimi nilienda nikamtazama akichota,
mara arobaini, nikaandika.

Nikampelekea. Siku ya tatu akaniita:
"Programu yako haina adabu.
Inamkataa Mzee Ombasa eti hana nambari ya simu.
Kweli hana simu. Lakini hulipa."
Nikaketi juu ya gunia la ndengu,
kipakatalishi magotini, vumbi la maharagwe puani,
nikafuta mstari mmoja.
Mzee Ombasa akaingia daftarini,
deni gorogoro tatu, simu: hakuna.
Miaka tisa nimeandika mistari
na sikuwahi kumwona aliyekwama upande wa pili.

Ndipo ikaja tarehe ishirini na tano.
Niliamka wakati uleule. Mwili una kalenda yake.
Nikatia mkono chini ya mto:
simu baridi, kimya kama kijiko.
Nikasikiliza bucha la chini likifunguliwa,
msumeno ukianza mfupa.

Saa sita mchana ikatetemeka.
Shilingi mia mbili, kutoka kwa Kerubo, mwezi wa kwanza.
Nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza,
halafu nikanunua tokeni za stima, zote mia mbili.

Jioni Shikuku, mkubwa wangu wa zamani, akaandika:
kiti chako bado hakijakaliwa.
Ujumbe wake sijaujibu.
Sijaufuta pia.

Na Kerubo naye anauliza swali jipya:
gunia likiingiwa na fukusi,
hiyo hasara inaandikwa wapi?

Sijui bado.
Nateleka chai, ya rangi,
navuta kiti kisichozunguka.